Mwaka Dada Yangu Alipochoka

Dada yangu hakuwa mtu wa kukaa. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo haitaeleweka kwa nini mimi, niliyelelewa na mikono yake, nilikuwa mtu wa kwanza kumtilia shaka alipougua.

Mama yetu alifariki Morogoro nikiwa msichana wa miaka tisa na dada ana ishirini na mbili. Tangu siku hiyo aliyenifulia sare, aliyekwenda kwenye vikao vya wazazi shuleni na aliyenichapa nilipofeli hesabu alikuwa yeye. Baadaye akaolewa, akahamia Kanada na mumewe, na miaka michache mbele akanivuta na mimi. Nilipotua Toronto mwaka 2004 alikuja kunipokea akiwa bado na sare ya hoteli, maana alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu. Alinikumbatia, akanirudisha nyuma akanitazama, akasema, "Umekonda. Twende haraka, nimeacha vyumba sita." Akanifikisha kwake, akanionyesha chakula kilipo na jinsi ya kuwasha jiko, akarudi kazini. Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa, na sikuona ubaya wowote. Nilimjua.

Alikuwa akisafisha vyumba kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Yeye na shemeji walikaa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja ya jengo refu kando ya barabara ya Kipling. Shemeji alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Anapakia Toronto, anaelekea magharibi, anarudi baada ya siku kumi, analala siku tatu, anaondoka tena. Hawakujaliwa watoto. Dada alitoka kazini saa kumi jioni, na ukimkuta nyumbani saa kumi na moja tayari ana sufuria mbili jikoni na nguo kwenye mashine kule chini. Alikula amesimama, sahani mkononi, huku akikoroga kingine. Ibada ya Kiswahili ya Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa ikifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, na pilau ya watu sitini ilipikwa na yeye, kwenye lile jiko dogo la ghorofani, kwa sufuria aliyoileta kwa ndege kutoka nyumbani akiwa ameijaza nguo.

Mimi nilikaa kwake miaka mitatu, kisha nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee katikati ya jiji na nikahamia St. James Town. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Niliifanya vizuri. Familia za wazee wale ziliandika barua kunisifia kwa uvumilivu, na msimamizi akabandika mbili ukutani kwenye chumba cha wafanyakazi. Nalitaja hili si kwa kujisifu. Nalitaja kwa sababu linaniuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 dada aligunduliwa na saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, kisha akaanza dawa za mishipani kwa miezi kadhaa, na baada yake ikapangwa mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Shemeji hakuweza kuacha lori. Nikaomba kazini nipewe zamu ya alfajiri, nianze saa kumi na mbili asubuhi nimalize saa nane mchana, ili nipande treni na basi niende Rexdale. Nikahamishia nguo zangu kwake kwenye begi moja. Hakuniomba. Niliona ni zamu yangu, basi.

Tuliogopa vitu vingine kabisa. Tuliogopa kutapika, ikawa kuna vidonge vya kuzuia. Tuliogopa nywele, lakini zilipoanza kubaki kwenye mto alichukua mashine ya shemeji akajinyoa mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, akaniambia nifagie. Hakuna aliyetutisha kuhusu uchovu. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno. Nani hajachoka Toronto?

Siku niliyouona kwa mara ya kwanza, niliingia saa kumi kasoro nikamkuta ameketi kwenye kochi. Mguu mmoja una soksi, mwingine hauna, na soksi ya pili ameishika mkononi.

"Umekaa hivyo tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi. Nilikuwa navaa soksi."

Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono anipe ile soksi, na nilipopiga magoti kumvisha nikaona amefumba macho, kama mtu anayeona aibu kutazama kinachofanyika.

Jioni ile alijaribu kunieleza. "Si usingizi," akasema. "Jana nililala mchana na usiku. Ni kama ile simu yako ya zamani. Unaichaji usiku kucha, asubuhi unaichomoa inakuonyesha kijiti kimoja. Ukiongea dakika mbili inazima."

"Simu ile ilikuwa mbovu, dada. Wewe si mbovu. Unahitaji kula."

Nikaanza vita. Nilimkaanga maini, nikamkamulia juisi ya bitiruti, nikamkorogea uji wa ulezi ambao aliunywa akiwa anatazama tu ukuta. Nilifungua mapazia yote. Niliweka nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu. Nilimshika kiwiko nikamtembeza kwenye korido ya ghorofa, mlango hadi mlango, huku nikihesabu kwa sauti kama mwalimu wa michezo. Nilimwambia ukilala sana damu nayo inalala. Sijui nilikoyatoa maneno hayo. Nadhani niliyatoa kwake mwenyewe, maana ndivyo alivyonilea. Mimi nikiumwa malaria Morogoro alinitoa kitandani saa mbili asubuhi akanipa ufagio, akisema homa haimpendi mtu aliyesimama.

Na ndani yangu kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Niliamini amekata tamaa. Niliamini dada yangu, yule wa vyumba kumi na sita kwa siku, ameamua kufa na anaanza kwa kujizoeza kulala.

Mionzi ilianza Januari. Siku za kwanza kulikuwa na gari la watu wa kujitolea lililompeleka hospitali, lakini siku moja mwishoni mwa mwezi lilikwama kwa theluji na tukarudi kwa teksi. Jengo lao lilikuwa na lifti mbili. Moja ilikuwa mbovu tangu kabla ya Krismasi. Siku ile tulikuta karatasi imebandikwa kwenye ya pili.

Dada aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. "Tusubiri," akasema.

"Tusubiri wapi?"

Mlango wa kuingilia ulikuwa haufungi vizuri na upepo ulikuwa ukiingia na theluji hadi kwenye masanduku ya barua. Hapakuwa na kiti. Niliamua tupande. Nilibeba mkoba wake, mfuko wa dawa, na mfuko wa mboga, na mkono uliobaki nikamshika yeye. Ghorofa ya kwanza tulikwenda vizuri. Ya pili akapumzika mara mbili. Ya tatu alikuwa akipandisha mguu, anausubiri mwingine, kama vile miguu ni ya watu wawili wasiopatana. Tulipofika ya nne akakaa kwenye ngazi.

"Siwezi," akasema.

"Unaweza. Zimebaki saba tu."

"Siwezi, mdogo wangu. Niache hapa. Lifti ikipona utanifuata."

"Nikuache kwenye ngazi watu wakupite kama mlevi?"

Aliegemeza kichwa ukutani. Ukuta ulikuwa mchafu na nilimwona anaegemeza kile kitambaa cheupe cha kichwani nilichokifua jana yake, na sijui kwa nini hicho ndicho kilichonivunja.

"Dada, mimi ndiye niliyechoka," nikasema, na sauti ikapanda yenyewe, ikawa inagonga juu na chini kwenye zile ngazi za saruji. "Unajua kuchoka? Kuchoka ni kuamka saa kumi alfajiri uoshe makalio ya watu wanane, upande basi, upike, ufue, ulale kwenye kochi la watu. Wewe unakaa tu. Kutwa unakaa. Unaweza, ila hutaki. Umekuwa mzigo."

Niliyasema. Hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Alitazama viatu vyangu. Akasema, "Sawa."

Mlango wa ngazini ukafunguka, akatoka mama mmoja wa Kisomali niliyekuwa nikimwona tu kule chini kwenye mashine za kufulia. Alikuwa amesikia kelele. Alikuwa na kiti cha plastiki mkononi. Aliwahi kuishi Nairobi, akawa na Kiswahili cha kutosha. "Pole, mama," akamwambia dada, "njoo ukae kwangu, mlango ni huu hapa, hatua sita." Akamwinua kwa namna ambayo mimi, niliyefundishwa kuinua watu na kulipwa kwa kazi hiyo, nilikuwa sijamwinua nayo hata siku moja tangu augue: polepole, akimsubiri, bila kusema kitu. Mlangoni akageuka akaniambia, "Na wewe ingia, chai ipo."

Sikuingia. Nilikaa palepale na mifuko yangu hadi lifti ilipotengemaa jioni. Nilisikia kupitia mlangoni dada akikoroma kwenye kochi la mtu baki.

Wiki iliyofuata nilimfuata muuguzi kwenye kitengo cha mionzi, mama wa makamo kutoka Ufilipino, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Nilikwenda kumshtaki dada. Nilimwambia mgonjwa wako hataki kujitahidi, mwambie wewe labda atakusikia. Dada alikuwa ameketi kando yangu, macho amefumba.

Yule muuguzi hakumgeukia dada. Alinigeukia mimi. Aliniuliza kama nilishawahi kupata mafua makali, yale ambayo kuinua kijiko ni kazi. Nikasema ndiyo. "Basi yeye yuko hapo kila siku," akasema, "na kwake kulala hakuondoi. Mwili unatumia kila ulicho nacho kujijenga baada ya dawa na mionzi. Huu uchovu si wa mtu aliyefanya kazi. Na unaweza kukaa miezi baada ya matibabu kwisha." Akasema atampima damu, na kweli ikakutwa imeshuka. Akasema kutembea kidogo ni kuzuri, ila kwa kadiri yake na si yangu. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi sana. Alisema kila siku dada anaamka na nguvu kidogo, za kuhesabika, na lazima achague pa kuzitumia. "Muulize anapenda kuzitumia kwa nini."

"Kuoga na kula," nikajibu.

Muuguzi akamtazama dada. Dada hakufumbua macho. Alikuwa anatusikia, najua alikuwa anatusikia, lakini mimi nilikuwa nimeshajibu, na foleni ilikuwa ndefu.

Nikarudi Rexdale na ari ya mtu aliyeokoka. Kama nilikuwa nimekosea kwa kumsukuma, sasa nisingemruhusu hata kupepesa jicho. Nilinunua kiti cha kuogea kama vile vya kazini kwetu. Nilishusha kila alichohitaji kikawa usawa wa mkono: kikombe, dawa, khanga, simu. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika saa anazokuwa na nafuu, nikagundua ni kati ya saa nne na saa sita mchana, basi siku zangu za mapumziko nikazipanga nizikute saa hizo: kuoga saa nne na nusu, kula saa tano na nusu, kulala. Ilifanya kazi. Aliacha kutetemeka. Rangi ikamrudia kidogo. Muuguzi akanisifu.

Siku moja nilitoka chumbani nikamkuta amesimama jikoni, ameshika ukingo wa jiko kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anachagua maharage kwenye sinia.

"Unafanya nini?"

"Nataka kupika maharage ya nazi. Nimeyaota."

"Kaa. Nitapika mimi."

"Nataka kuyapika, si kuyala."

"Dada, ukizimaliza nguvu hapa utaoga na nini?"

Nilichukua lile sinia. Aliliachia. Jioni ile nikapanga sufuria zote nzito juu kabisa ya kabati, kule ambako lazima upande kiti. Asubuhi aliziona. Alizitazama, akaenda kukaa.

Shida kubwa zaidi ilikuwa wageni. Watu wa ibada walimpenda dada, wala sisemi walikuwa na nia mbaya. Lakini walikuja kumi na wawili kwa mpigo, Jumamosi saa nne, ile ile saa yake. Waliomba wakisimama, na yeye akasimama. Waliimba beti zote. Kila mmoja alikuwa na shangazi aliyeugua hivyo hivyo na mwisho wa huyo shangazi. Dada alitaka lazima wanywe chai, na alitaka kuitenga mwenyewe, na walimwacha aitenge kwa sababu eti inawatia moyo kumwona ana nguvu. Walipoondoka alilala Jumapili nzima na Jumatatu nzima, hakuweza kugeuza shingo, na mashuka niliyabadilisha mimi.

Basi nikasimama mlangoni. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyekiti wa kina mama, yeye na wenzake wanne, na sufuria ya wali imefungwa kwa taulo.

"Amelala," nikamwambia.

"Tutakaa tumsubiri, mwanangu."

"Leo haitawezekana, mama. Daktari amekataza."

Daktari hakuwa amekataza lolote. Yule mama akanitazama. "Mgonjwa hafungiwi," akasema. "Mgonjwa ni wa watu."

"Huyu ni wa kwangu."

Kutoka chumbani dada akaita, "Nani huyo?"

Nikageuza shingo nikajibu, "Watu wa jengo, wamekuja kuangalia bomba."

Yule mama aliisikia. Aliweka sufuria sakafuni, akageuka, na wenzake wakamfuata kwenye lifti. Ule wali niliupasha nikamlisha dada, nikamwambia nimeupika mimi. Aliuonja, akatafuna taratibu, akameza. Alikuwa anajua mkono wa kila mwanamke wa ibada ile.

Waliacha kuja. Yakaja maneno. Kwamba ninamficha dada yangu. Kwamba ninamlisha dawa za usingizi za kule kwa wazee. Na lile lililoniumiza kuliko yote, kwamba ninajipanga. Kwamba mke akifa, mdogo mtu yuko tayari ndani na begi lake, ashike nafasi yake. Lilinifikia kupitia kwa shemeji mwenyewe, kwenye simu, akiwa mahali fulani Manitoba anajaza mafuta.

"Shemeji," akasema, "kuna mambo watu wanaongea."

"Nayajua. Na wewe unasemaje?"

Nikasikia upepo, na malori ya watu wengine yakipita.

"Mimi niko barabarani, shemeji," akasema.

Hakuwa mtu mbaya. Alituma kila alichopata, na siku zake tatu alizokuwa nyumbani alikaa kando ya kitanda cha mkewe akiwa amemshika unyayo. Lakini neno moja kutoka kwake lingetosha kunisafisha, na hakulisema, siku ile wala baadaye.

Matibabu yaliisha Machi. Nilidhani na uchovu utaisha, kama mtu anavyozima swichi. Uliondoka kwa matone. Mei aliweza kushuka na kutembea hadi kituo cha basi na kurudi. Julai alirudi hotelini. Alimaliza vyumba vinne. Kwenye cha tano wakamkuta ameketi kwenye kitanda cha mgeni, mto kwenye mapaja, haendi mbele wala harudi nyuma. Wakampa wiki mbili. Alijaribu tena, wakampa barua ya kuachishwa kazi. Miaka kumi na minne, na barua ilikuwa na aya mbili. Nilimsomea kwa sababu alisema miwani yake haioni vizuri.

Septemba alisimama kwenye ibada kutoa shukrani. Nywele zilikuwa zimeota fupi, zimejikunja kwa namna mpya, na alikuwa amevaa kitenge cha bluu nilichompeleka kwa fundi. Nilikaa safu ya tatu, mkoba wake kwenye mapaja yangu. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mumewe aliyekesha barabarani kwa ajili yake. Aliwashukuru madaktari na wauguzi. Aliwashukuru kina mama, mmoja mmoja, akamtaja na mwenyekiti, akasema maombi yenu yalinifikia hata mlango ulipokuwa umefungwa, na ukumbi mzima ukaitikia. Akamshukuru jirani wa ghorofa ya nne, Mwislamu, aliyempa kochi lake. Halafu akasema, "Na wengine wote, Mungu awabariki," akakaa.

Niligeuza uso kuelekea dirishani. Nilijua wananitazama.

Tulirudi nyumbani. Aliingia jikoni moja kwa moja akaanza kumenya vitunguu, ameketi kwenye kiti, lakini anamenya. Nikasimama mlangoni.

"Umemsahau mtu leo," nikasema.

"Sijamsahau mtu."

"Dada. Mwaka mzima."

"Najua ni mwaka mzima." Hakuinua macho kutoka kwenye kisu. "Ulinificha. Siku ile ulisema watu wa bomba, nilimsikia mwenyekiti. Nilijua sauti yake na nilijua mkono wake kwenye ule wali. Ulinilisha uongo kwa kijiko."

"Walikuwa wanakumaliza! Wakiondoka ulikuwa unalala siku mbili."

"Ndiyo. Nilikuwa naumia siku mbili, lakini saa moja nilikuwa mtu. Wewe uliona afadhali nisiumie, nisiwe chochote."

Nikaona anakaribia pale ninapopaogopa, nikaamua kupafikia mwenyewe kwanza. "Sema tu ni yale ya ngazini," nikamwambia. "Bado hujanisamehe."

Hapo akainua macho, na alionekana kushangaa kweli. "Ya ngazini? Yale nilikusamehe kabla hatujafika juu. Ulikuwa umechoka. Mtu aliyechoka anaropoka, mimi mwenyewe nimekuropokea mara ngapi ukiwa mdogo." Akarudi kwenye kitunguu. "Yale uliyasema kwa hasira. Haya mengine uliyafanya umetulia. Kila siku. Sufuria zangu uliziweka juu ya kabati, ndani ya nyumba yangu. Yule nesi alikwambia uniulize. Hukuniuliza hata mara moja."

Nilitaka kumwambia mengi. Kwamba wale kina mama hawakumwosha. Kwamba jirani wa ghorofa ya nne alimpa jioni moja na mimi nilimpa mwaka, na mgongo wangu, na jina langu ambalo hadi leo kwenye ule ukumbi halijatakata. Kwamba ni rahisi kuwa mwema kwa saa moja na kiti cha plastiki. Nilichukua begi langu, ambalo bado lilikuwa nyuma ya kochi, nikapanda basi la Kipling kurudi kwangu, na hakunizuia.

Nimeandika mpaka hapa nikijaribu kuwa mkweli, basi niwe mkweli hadi mwisho. Najua alikuwa na haki. Nimekaa na maneno yake miaka, nimeyageuza, na kila nikiyageuza nakuta ana haki. Na bado nina uchungu naye. Vyote viwili vinakaa humu humu na havijazoeana. Kazini niliendelea kuwaogesha wazee, na nikajifunza kuwauliza wale wanaoweza kujibu: leo tuanze na kuoga, au unataka kwanza tukae dirishani? Wengi wanataka dirishani. Ni swali dogo sana. Lingenichukua dakika.

Mwaka uliofuata shemeji alipata mkataba Alberta, wakahama. Niliwasaidia kufunga mizigo siku moja, mbele ya watu, na tuliongea vizuri, kama majirani. Ananipigia sikukuu na siku yangu ya kuzaliwa. Shemeji aliwahi kuniambia pembeni kwamba ule uchovu haukuondoka wote. Kuna siku, bila sababu, analala saa saba mchana na hawezi kuamka hadi kesho yake. Yeye mwenyewe hajaniambia.

Mara ya mwisho alipiga mchana, nikiwa ndiyo nimetoka zamu. Aliniuliza habari za baridi, nikamuuliza habari za shemeji. Akasema leo ameshusha mapazia ya nyumba nzima, amefua, ameyatundika yote peke yake.

Nilisikia jinsi anavyopumua baada ya kila maneno matatu. Swali lilikuwa mdomoni: umechoka? Nikakumbuka kwamba sina ruhusa nalo tena, nikamwambia hongera, yatakuwa yamependeza. Akasema ndiyo, yamependeza. Halafu akasema anakwenda, kuna kitu jikoni.